Dola ya feza na mizani yetu



Mwenzetu mmoja alirudi Kampene na sarafu tatu ndani ya kitambaa. Alizinunua ukimbizini kwa makuta aliyoweka ya kununua mabati. Muuzaji alimwambia: hizi ni dola za feza za Marekani, za mwaka 1893, moja inapita bei ya mbuzi kumi. Tukaenda naye kwa mnunuzi wa zahabu. Sumaku ikazivuta zote tatu. Feza haivutwi na sumaku. Yule baba alinyamaza tu.

Tusimcheke. Neno letu feza ni madini, tena ni makuta, na kiu yake ina historia.

Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alifanya mapatano ya biashara na Marekani. Meli zao zilileta kitambaa cha pamba, ndicho wazee waliita merikani, nazo zilibeba pembe za tembo. Pembe nyingi zilitoka huku kwetu: Nyangwe, Kasongo, kisha Ujiji, Tabora, mpaka pwani. Nyingine zilifika jimbo la Connecticut, zikachongwa vibao vya piano. Pwani watu walilipana kwa reale za feza, zile za Maria Theresa zenye mwaka 1780, hata zilizotengenezwa miaka mingi baadaye. Lakini huku Maniema zilikuja hasa nguo, ushanga na simbi, pamoja na bunduki na minyororo. Livingstone aliona mauaji ya sokoni Nyangwe mwaka 1871. Pembe ilitoka kwetu, lakini bei na mizani vilikuwa vya wengine.

Miaka ile ile, 1878, Marekani ilianza kutengeneza dola iliyochorwa na George Morgan. Ina gramu 26.73, na katika sehemu kumi, tisa ni feza na moja ni shaba. Kwa sheria ya mwaka 1918 waliyeyusha zaidi ya milioni 270 za dola za feza. Zilizobaki zikaanza kutafutwa. Ile ya 1893 ya kiwanda cha San Francisco, yenye herufi S, zilitengenezwa 100,000 tu. Ndiyo sababu matapeli wanapenda mwaka huo.

Leo wakusanyaji wanaipima kila sarafu kwa namba, 1 mpaka 70, kufuata mikwaruzo na mng'ao wake. Kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, ya 1987, zinaifunga ndani ya plastiki na kuipa namba. Tofauti ya namba moja inaweza kuongeza bei mara nyingi. Hata plastiki hiyo inaigwa, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili anatafuta namba yake kwenye daftari la kampuni kabla ya kulipa.

Kazi hiyo tunaijua. Sokoni Kindu noti ya dola yenye tundu dogo inarudishwa: « Hii haipite! » Noti ni ile ile, ila jicho la anayepokea ndilo linaamua.

Na juu ya nini watu wetu wanatafuta kitu kigumu? Wazee wanakumbuka Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilipofutwa, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa mfupi sana. Wanakumbuka Oktoba 1993, zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya 1. Mtu aliyeona akiba yake inageuka karatasi hana kosa akitamani feza. Kosa letu ni kununua bila mizani, na Kampene mizani ya zahabu iko karibu kila kona!

Kwa hiyo kamati inaomba hivi. Ukiuziwa sarafu ya zamani, ilete kwanza kabla ya kutoa hata falanga moja. Tutaipima: gramu 26.73, upana karibu milimita 38, sumaku isiishike. Ikipita hapo, bado haijawa kweli. Ikianguka hapo, umeokoa makuta yako. Na kesi ya chama haitanunua sarafu. Kesi ni ya dawa, mazishi na nyumba.

Yule baba bado analala chini ya majani yanayovuja. Mchango wa mabati yake umeanza; karani anaandika majina kila Jumapili mchana.