Ely Parker na chimbuko la elimu ya ukoo

Mwaka 1844, ndani ya duka la vitabu mjini Albany, jimbo la New York, wakili kijana Lewis Henry Morgan alikutana na Ely Parker, kijana wa Waseneka, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, ambaye hata miaka 20 hakuwa ameitimiza. Parker alikuwa mkalimani wa wazee wa Kiseneka wa Tonawanda waliofika mjini kupigania ardhi yao, iliyokuwa ikinyemelewa na kampuni ya ardhi ya Ogden. Morgan aliomba kuwaona wazee hao. Mazungumzo yao yalizaa tawi zima la anthropolojia: uchunguzi wa ukoo, ndoa na nasaba.

Parker alimfungulia mlango wa kwao. Wazazi wake, dada yake Caroline na nduguze wakamkaribisha, na baadaye Waseneka wakamwingiza Morgan katika ukoo wa Mwewe. Huko alijifunza kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Koo zilikuwa nane, na mtu hakuoa ndani ya ukoo wake. Katika nyumba ndefu za zamani zilizoezekwa magome ya miti, mwanamume ndiye aliyehamia kwa mkewe, na kina mama wakuu wa ukoo ndio waliomteua chifu na kumvua cheo akipotoka. Kitabu cha Morgan juu ya shirikisho la Iroquois, ambalo Waseneka ni sehemu yake, kilitoka mwaka 1851. Alikitabaruku kwa Parker na kukiri kuwa ni tunda la kazi ya wote wawili.

Kilichomshangaza zaidi ni namna Waseneka walivyoitana. Kaka wa baba aliitwa baba, na dada wa mama aliitwa mama. Watoto wao walikuwa kaka na dada. Watoto wa mjomba na wa shangazi ndio waliowekwa kando kama mabinamu. Morgan alidhani hilo ni la Waseneka peke yao, mpaka mwaka 1858 alipofika Marquette, Michigan, akawauliza Waojibwe. Lugha yao ni nyingine kabisa, lakini mpangilio ulikuwa ule ule.

Tangu hapo hakutulia. Alitunga hojaji yenye maswali zaidi ya 200: kaka wa baba yako unamwitaje? Mtoto wa dada wa mama yako je? Kwa msaada wa taasisi ya Smithsonian, karatasi hizo zilitumwa kwa wamisionari na mabalozi wadogo wa Marekani pande nyingi za dunia. Yeye mwenyewe, kati ya 1859 na 1862, alisafiri kila kiangazi kwenda magharibi, akiuliza kabila baada ya kabila. Mwaka 1862, akiwa safari ya Mto Missouri, alipata habari kuwa binti zake wawili wamefariki nyumbani. Aliendelea na kazi akiwa na msiba huo moyoni.

Miongoni mwa majibu yalikuwamo ya Watamil wa India ya kusini, walioitana kwa utaratibu unaokaribiana sana na wa Waseneka. Mwaka 1871 Smithsonian ilichapa kitabu chake kikubwa, karibu kurasa 600, chenye majedwali ya jamii zaidi ya mia moja. Aliigawa mifumo katika mafungu mawili: ule unaowatenga wazazi na ndugu wengine, kama wa Waingereza, na ule unaomjumuisha kaka wa baba na baba, dada wa mama na mama.

Msomaji aliyelelewa na baba mkubwa, baba mdogo na mama mdogo ataujua mpangilio huo mara moja. Kwetu mtoto wa kaka yako, wewe mwanamume, ni mwanao, na wa dada yako ni mpwa wako. Msambao wa mifumo hii ndio Morgan alioutia katika majedwali, na hapo alifanya kazi kubwa.

Alipokosea ni katika kuipanga kama ngazi. Katika kitabu chake cha 1877 alidai binadamu wamepanda kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na kwamba kuwaita watu wengi "baba" ni masalio ya enzi ambapo baba hasa hakujulikana. Mwanafalsafa Friedrich Engels aliyajenga mawazo yake ya mwaka 1884 kuhusu familia juu ya msingi huo. Lakini anayemwita baba yake mdogo baba anamjua vizuri aliyemzaa. Anachokitamka ni haki na wajibu: nani atamlea, nani atapokea mahari, nani atamzika.

Waliomfuata waliivunja ngazi hiyo kwa ushahidi. Mwaka 1951 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika juu ya Wanuer wa nchi iliyo leo Sudan Kusini, ambako mwanamke tasa aliweza kutoa ng'ombe wa mahari, akaoa mke, na watoto wa mke huyo wakamwita yeye baba. Wakuria wa Tanzania na Kenya wanaijua ndoa ya namna hiyo, nyumba ntobhu. Mwaka 1984 David Schneider aliwashutumu wanaanthropolojia wenzake kwamba wamekuwa wakipima ukoo wa dunia nzima kwa imani ya Wazungu kuhusu damu.

Parker mwenyewe alisomea sheria akanyimwa uwakili kwa kuwa hakuhesabiwa raia. Akawa mhandisi, kisha msaidizi wa Jenerali Grant katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na mwaka 1865 mkono wake ndio ulionakili masharti ambayo kwayo Jenerali Lee alisalimu amri. Watu wa Tonawanda walipata mkataba mwaka 1857 wa kununua tena sehemu ya ardhi yao.

Vitabu vingi humtaja Morgan kuwa mwasisi wa elimu hii. Heshima hiyo si yake peke yake. Waseneka walikuwa na sheria kamili za nasaba, ndoa na uongozi kabla hajazaliwa, na wakamfundisha kwa subira huku wakipigania ardhi yao. Anayefundisha historia ya anthropolojia aanze na Parker na wazee wake, ndipo amtaje mwanafunzi wao.