Red Buttons: mchekeshaji wa Marekani aliyekuja Momella kucheza filamu ya Hatari!

Mtajie mtu wa Arusha filamu ya Hatari!, haraka atakujibu John Wayne. Sawa, Wayne ndiye alikuwa staa. Lakini aliyewavunja watu mbavu ni jamaa mfupi mwenye nywele nyekundu, Red Buttons.

Jina lake halisi ni Aaron Chwatt, alizaliwa New York Februari 5, 1919, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Akiwa na miaka 16 alikuwa mhudumu na mwimbaji kwenye baa moja huko Bronx. Nywele nyekundu, sare yenye vifungo vinavyong'aa, basi wakambatiza "Vifungo Vyekundu". Jina likaganda.

Alipitia majukwaa ya vichekesho na jeshi la anga wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1952 akapata kipindi chake cha televisheni, kikapendwa kupita kiasi. Kufika 1955 kimeshakufa, na yeye wengi wakamhesabu ameisha.

Kilichomwinua tena wala si kichekesho. Kwenye Sayonara (1957) alicheza askari wa Marekani aliyeoa Mjapani huku jeshi likipinga ndoa za aina hiyo. Wawili hao wanaishia kujiua. Mchekeshaji akawaliza watu, akabeba Oscar ya mwigizaji msaidizi.

Miaka michache baadaye ndipo akaja kwetu. Mwongozaji Howard Hawks alipiga picha za Hatari! kati ya mwishoni mwa 1960 na 1961, Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Makao ya wakamata wanyama unaowaona kwenye filamu ni shamba la Momella, Mlima Meru ukiwa nyuma yao. Kazi haikuwa ya mchezo: waigizaji wenyewe walikimbizana na vifaru na twiga kwa magari.

Buttons ni Pockets, dereva teksi wa zamani kutoka New York. Anabuni roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa nyani. Roketi inafyatuka, wavu unashuka vizuri kabisa, na yeye alikuwa amefumba macho! Usiku kucha anawaomba wenzake wamsimulie upya. Kwangu mimi hiyo inazidi mbio zote za vifaru. Na binti aliyekuwa akigombewa na vijana wawili, mwishowe anamtaka Pockets.

Filamu ilitoka 1962. Mwaka huohuo Buttons alionekana kwenye The Longest Day, askari wa miavuli aliyenasa juu ya mnara wa kanisa, na 1972 akacheza The Poseidon Adventure. Alifariki Los Angeles Julai 13, 2006, akiwa na miaka 87.

Mwenzake Hardy Krüger, Mjerumani, alinogewa na Momella hadi akanunua ardhi. Leo pale kuna Hatari Lodge, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha.