Waliosikia Wito wa Hatari

Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike makala ya historia itakayowafaa wazee tuliomaliza zamani na pia vijana walioko madarasani sasa. Nimechagua habari za watu ambao vitabu vyetu vya shule haviwataji, nao ni wapenzi wa redio. Watu hao hawakulipwa mshahara wala hawakuvaa sare. Kwa mapenzi yao tu walijitengenezea mitambo nyumbani, wakakaa usiku kucha kusikiliza simu za upepo za meli, za vyombo vya angani na za polisi. Mara nyingine walisikia yale ambayo wenye kazi hiyo hawakuyasikia. Swali langu ni hili: mtu wa namna hiyo akidaka wito wa hatari, wajibu wake ni nini? Na sisi tunaoletewa habari hiyo, wajibu wetu ni upi?

Kwanza tukumbuke tabia ya simu ya upepo. Barua huandikiwa mtu, na bahasha yake hufungwa. Lakini mawimbi ya redio huenea pande zote kama harufu ya karafuu, wala hayamwulizi mtu cheo chake. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo za Marconi kulikuwa na wasikilizaji wa namna mbili: wale waliotumiwa ujumbe, na wale walioudaka njiani.

Mmoja wa hao wa pili alikuwa Artie Moore, kijana wa Wales aliyekuwa na mguu mmoja wa mti. Alikaa katika kinu cha kusagia nafaka mahali paitwapo Gelligroes, na humo alijiundia kituo chake cha simu ya upepo. Mwaka 1911 alidaka tangazo la Italia la kuingia vitani kwa ajili ya Libya, hata gazeti moja la Uingereza likaandika habari zake. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili, 1912, alisikia alama za Morse zikitoka mbali sana, zaidi ya kilomita 3,000. Ilikuwa meli ya Titanic ikiomba msaada. Moore alikwenda kuwaarifu polisi wa pale kwao. Hawakumsadiki. Siku mbili baadaye magazeti yalileta habari ileile, kwamba Titanic imezama na watu wapatao 1,500 wamekufa.

Tuwe wa haki. Hata kama polisi wale wangemsadiki, wasingeweza kumwokoa mtu yeyote katikati ya Atlantiki. Meli ya Carpathia ilikwisha sikia wito huo, na ilikuwa ikienda mbio kuwachukua waliosalia. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokuwa usiku ule. Meli ya Californian ilikuwa karibu zaidi kuliko Carpathia, na mtumishi wake mmoja tu wa simu ya upepo alikuwa amekwisha lala. Sikio lililokuwa karibu lilikuwa limelala. Sikio lililokuwa macho lilikuwa kinuni, tena halikusadikiwa. Wahenga walisema kuambizana kuko, kusikilizana hapana.

Upande wa pili wa bahari, Marekani, wapenzi wa redio walishitakiwa kwa jambo jingine kabisa. Huko walikuwa wengi, na kila mmoja alirusha mawimbi apendavyo. Baada ya ajali, habari ilienea kwamba abiria wote wa Titanic wako salama na kwamba meli inavutwa kwenda Halifax. Habari hiyo ilikuwa ya uwongo, na watu wengi walisema kwamba vijana wa redio ndio waliovuruga na kuchanganya simu. Mwezi Agosti, 1912, Marekani ikatunga sheria: kila arushaye mawimbi awe na leseni, na wapenzi wa redio wasivuke urefu wa wimbi wa mita 200. Wataalamu wa siku zile waliyaona mawimbi hayo mafupi kuwa makapi yasiyofika mbali.

Kumbe makapi yalikuwa nafaka. Mwezi Novemba, 1923, wapenzi wa redio wa Ufaransa na Marekani waliongea kuvuka Atlantiki kwa wimbi la mita 110 hivi. Ikadhihirika kwamba mtambo mdogo wa mawimbi mafupi huweza kuvuka bahari, jambo ambalo hapo awali lilihitaji mitambo mikubwa sana. Miaka mitano baadaye jambo hilo liliokoa roho za watu.

Tarehe 25 Mei, 1928, chombo cha angani kiitwacho Italia, kilichoongozwa na Umberto Nobile, kilianguka juu ya barafu kilipokuwa kikirudi kutoka Ncha ya Kaskazini. Kilikuwa na watu 16. Sita walichukuliwa na mabaki ya puto, wasionekane tena. Wengine walitupwa barafuni, na mmoja wao akafa papo hapo. Walionusurika walikuwa na hema moja, chakula kidogo, na mtambo mdogo wa mawimbi mafupi. Mtumishi wa redio, Giuseppe Biagi, aliita kila siku. Meli ya Città di Milano, iliyowekwa Spitsbergen kwa ajili ya kuwasaidia, haikumsikia. Jambo la kuumiza ni kwamba Biagi aliweza kuisikia meli hiyo ikipeleka simu zake nyingine.

Tarehe 3 Juni, katika kijiji cha Voznesenye-Vokhma ndani kabisa ya Urusi, kijana Nikolai Schmidt, mwenye umri wa miaka 22 hivi, alikuwa akisikiliza kwa chombo alichojitengenezea. Akadaka maneno yaliyokatikakatika, lakini mlikuwamo jina la Nobile na alama za SOS. Hakukaa nayo, wala hakuyapamba. Aliyaandika kama alivyoyasikia, akapeleka simu ya maandishi Moscow kwa chama cha wapenzi wa redio. Nao hawakusema huyu ni kijana wa shamba anaota ndoto. Habari ilifikishwa serikalini, na serikali ikaijulisha Italia. Tarehe 6 Juni, Biagi akiwa hemani alisikia katika matangazo ya Roma kwamba kuna mtu huko Urusi aliyesikia wito wao. Baada ya siku chache meli yao wenyewe nayo iliwasikia. Rubani wa Sweden alimtoa Nobile kwa ndege mwezi huohuo, na tarehe 12 Julai meli ya kuvunja barafu ya Kisovyeti, Krassin, iliwafikia waliobaki. Kati ya wale 16, watu 8 walipona.

Mwisho wa Schmidt unasikitisha. Katika miaka ya vita alikamatwa na serikali ileile, akashitakiwa ujasusi, na mwaka 1942 aliuawa kwa kupigwa risasi. Jina lake lilisafishwa mwaka 1984. Sikio lililosifiwa mwaka 1928 lilikuwa limegeuka sikio la kuogopwa.

Hofu hiyo haikuwa ya Urusi peke yake, na yafaa tuelewe chanzo chake. Mwaka 1928 huohuo polisi wa Detroit, Marekani, walianza kuwaita askari kwa redio zilizofungwa ndani ya magari yao. Desturi hiyo ilipoenea mijini, watu majumbani wenye redio za kawaida waliweza kusikia nani ameibiwa na wapi pana moto. Lakini asikiapo raia mwema, mwizi naye husikia. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1934 ilimkataza mtu kuutangaza ujumbe alioudaka au kuutumia kwa faida yake. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1949, ilikataza hata kusikiliza kwa makusudi simu za upepo zisizokuhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 polisi wa Uingereza walihamia mitambo inayoyafumba maneno, na hapo wasikilizaji wa nyumbani wakafungiwa mlango. Mimi kama mtumishi wa Serikali siwezi kulaumu jambo hilo. Mtu aliyepatwa na msiba anastahili kusitiriwa, na jina lake lisiwe hadithi ya barazani.

Hata hivyo mlango mmoja uliachwa wazi kwa makusudi. Baharini, pamoja na bahari yetu ya Hindi, wito wa hatari hupigwa kwa sauti ya wazi katika chaneli ya 16 ili kila chombo kisikie. Kadhalika wapenzi wa redio hawakuisha. Hapa Tanzania hupata leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na majina ya vituo vyao huanza na 5H. Kijana apendaye Fizikia ajue kwamba njia hiyo ipo, na ni ya halali.

Kwa wanafunzi, somo ni kazi aliyoifanya Schmidt: alisikiliza, akaandika sawasawa, akawafikishia wanaohusika, basi. Leo kila mwenye simu ya mkononi huona ajali na kusikia vilio, na wengi hukimbilia kusambaza picha kabla ya kumwita mwokozi. Hiyo si kazi ya sikio jema.

Kwa wenzangu tuliokwisha pewa meza na mihuri, somo liko kwa wale polisi wa Wales. Ipo siku atafika mtu asiye na cheo, pengine mchafu wa vumbi la kinu, na habari isiyoaminika. Tumpe kiti. Tumwulize amesikia nini, saa ngapi, na kwa njia gani. Tuandike, kisha tuwaulize wanaojua. Akiwa amekosea, tutakuwa tumepoteza dakika kumi. Akiwa amesema kweli, huenda kuna watu barafuni wanaotungojea.