Njia ya Socrates mjini Durban

Mwaka 1893 safari ya baharini ya mwanasheria kijana Mohandas Gandhi kutoka Bombay ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar kabla ya kumfikisha Durban. Ninaifuata njia yake kutoka bandarini kwenda kaskazini, hadi Phoenix, kwenye vilima vya Inanda. Hapo ndipo mwaka 1904 aliponunua shamba akahamishia mtambo wa kuchapia gazeti la Indian Opinion.

Januari 1908 alifungwa Johannesburg kwa kukataa kujiandikisha chini ya sheria iliyowadai Waasia alama za vidole. Alipotoka, gazeti hilo lilichapa kwa Kigujarati, mfululizo kati ya Aprili na Mei, utetezi wa Socrates mahakamani kama alivyouandika Plato. Gandhi alimwita Socrates askari wa ukweli. Wasomaji wake, waliotakiwa kuchagua kati ya kujiandikisha na kwenda jela, hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mzee wa Athens, mwaka 399 KK, alikataa kuacha kuwahoji wakubwa wa mji wake hata kwa kuokoa roho yake. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ya India ilipiga marufuku tafsiri hiyo. Maneno ya mtu aliyekufa miaka zaidi ya 2,300 nyuma yalikuwa bado yanawatisha watawala.

Plato mwenyewe alifuata njia nyingine. Mji ulipomuua mwalimu wake, alikata tamaa na kura za wengi, akafundisha kwamba dola haitatengemaa mpaka wanafalsafa watawale. Ukiwa Durban, fundisho hilo linatia hofu. Kwa miongo mingi Waafrika wa hapa waliambiwa kwamba wapo wengine wanaojua zaidi lililo jema kwao. Nayo demokrasia ya Athens iliwaacha nje wanawake na watumwa, na Aristotle akasema wako watu waliozaliwa kuwa watumwa. Kasoro hiyo ilifika hata Phoenix. Jirani tu, Mwafrika John Dube alikuwa ameanzisha shule ya Ohlange, lakini Gandhi wa miaka ile, akidai haki za Wahindi, aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika. Ushujaa wake ninauheshimu sana, ila haufuti maneno hayo.

Anayenigusa zaidi yuko upande wa pili wa jiji. Mwanafalsafa Rick Turner, aliyepata udaktari Paris kwa kumsoma mwanafalsafa Sartre, alifika Chuo Kikuu cha Natal mwaka 1970. Alifundisha kwa kuuliza maswali, na mwaka 1972 akatoa kitabu cha The Eye of the Needle, akitaka wafanyakazi wenyewe washiriki kuamua mambo ya viwanda vyao. Hapo ndipo ninapoona falsafa ikiwapa watu nafasi ya kusema, badala ya kusema kwa niaba yao. Januari 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha matofali cha Coronation waligoma, na makumi ya maelfu wakafuata kote Durban. Mwezi uliofuata serikali ilimfungia Turner: asifundishe, asichapishwe.

Tarehe 8 Januari 1978 alipigwa risasi kupitia dirisha la nyumba yake, Bellair, akafa mbele ya binti yake. Socrates aliwajua waliomshtaki, Meletus, Anytus na Lycon, akapewa muda wa kuwajibu hadharani. Kwa mauaji ya Turner hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani.