Serapis na msafara wa Baltiki

Usiku wa tarehe 23 Septemba 1779, karibu na rasi ya Flamborough, pwani ya mashariki ya Uingereza, Nahodha Richard Pearson aliishusha kwa mkono wake mwenyewe bendera ya manowari Serapis, akajisalimisha kwa John Paul Jones aliyepigana chini ya bendera ya Marekani. Mwaka uliofuata mahakama ya kijeshi ilimwachia kwa heshima, mfalme akampa cheo cha Sir, na wafanyabiashara wakamtunza vyombo vya fedha. Wengi wanaoisimulia vita hii humtukuza Jones na kuzishangaa zawadi za Pearson: vipi mtu apoteze merikebu ya mfalme kisha atunzwe? Nashikilia kwamba waliomtunza walijua walichokifanya. Manowari iliyopewa kazi ya kusindikiza merikebu za biashara haihukumiwi kwa bendera yake, inahukumiwa kwa shehena iliyofika bandarini.

Shehena yenyewe ndiyo kiini cha habari. Pearson alikuwa akisindikiza merikebu zipatazo 40 kutoka Baltiki, na Baltiki ndiko Uingereza ilikopata miti ya milingoti, katani ya kusokotea kamba, lami na chuma. Wakati huo nchi ilikuwa vitani na Wamarekani, Wafaransa na, tangu Juni mwaka huohuo, Wahispania. Bila vitu hivyo hakuna manowari yake ambayo ingeweza kutweka tanga. Mlinzi wa msafara alikuwa Serapis, merikebu mpya ya mizinga 44, pamoja na Countess of Scarborough, chombo cha kukodi chenye mizinga kama 20. Jones alikuja na vyombo vinne, chake kikiwa Bonhomme Richard, merikebu kuukuu ya biashara ya Ufaransa iliyogeuzwa kuwa ya vita. Wenye shehena walipowaona adui waligeuza wakakimbilia ngome ya Scarborough, na Pearson akaipitisha merikebu yake katikati, baina ya wanaokimbia na wanaofukuza. Vita vilidumu zaidi ya saa tatu, mbalamwezi ikiwaka. Merikebu mbili zilinasana ubavu kwa ubavu, hata vifuniko vya matundu ya mizinga ya Serapis havikuweza kufunguliwa, na wapiga mizinga wakavivunja kwa risasi zao wenyewe. Kisha baharia mmoja wa Jones, akiwa juu kwenye foromali, alitupa kombora la mkono likapenya mlangoni mwa sitaha na kuwasha baruti iliyopangwa chini. Watu waliungua kwa makumi. Pearson alijisalimisha, lakini Bonhomme Richard ilikuwa imetobolewa vibaya mno, ikazama baada ya siku mbili hivi. Katika msafara, hakuna merikebu hata moja iliyotekwa.

Mtu atasema zingeokoka vyovyote vile, maana nchi kavu ilikuwa karibu na upepo ulikuwa mwanana kwa wote. Hoja hii ina uzito kiasi. Alliance, chombo cha pili kwa ukubwa upande wa Jones, kilikuwa huru usiku ule, na nahodha wake, Pierre Landais, badala ya kufukuza msafara alimpiga mizinga hata mwenzake. Hiyo ilikuwa bahati ya Waingereza. Lakini Pallas, chombo kingine cha Jones, hakikuwa huru: Countess of Scarborough ilikishughulisha mpaka ikatekwa. Wala Jones mwenyewe hakuwa na nafasi ya kumfuata mtu, kwa kuwa Pearson alimshika hapohapo. Na merikebu iliyojaa milingoti na chuma haikimbii.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka uliofuata. Tarehe 9 Agosti 1780, katika Atlantiki, kundi kubwa la manowari za Hispania chini ya Luis de Córdova liliukuta msafara wa Uingereza uliosindikizwa na Nahodha John Moutray katika Ramillies, yenye mizinga 74. Merikebu 55 zilitekwa na watoa bima wa London wakapata hasara kubwa mno. Manowari za ulinzi zilisalimika zote, na Moutray akafikishwa mahakamani, akaondolewa kwenye merikebu yake. Yupo atakayesema kwamba amefanyiwa ukali, kwani mtu mmoja hawezi kuzuia manowari zaidi ya 30. Ni kweli, na hata wakuu wake walilijua hilo, kwa sababu baadaye walimpa kazi kule Antigua. Hata hivyo, hukumu hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha kipimo walichotumia.

Pingamizi gumu zaidi latoka upande wa Ufaransa. Mwaka 1747 amiri wa Kifaransa de l'Étenduère, akiwa na manowari 8, alizikabili manowari 14 za Waingereza chini ya amiri Hawke ili merikebu kama 250 zipate kukimbia. Alipoteza 6, msafara ukaponyoka. Lakini Hawke alituma chombo chepesi kupeleka habari visiwa vya Karibi, na nyingi zilikamatwa huko zilipokuwa zikifika. Je, kafara ile ilikuwa bure? La, kwa kuwa nyingi zaidi zilifika; ila inaonyesha kwamba shehena hailindwi kwa siku moja ya vita, na pale ambapo msindikizaji hayupo tena, adui huanza upya. Bunge la Uingereza lilifikia hapo mwaka 1798, lilipopitisha sheria ya kuzilazimisha merikebu za biashara ya ng'ambo kusafiri katika msafara, na nahodha aliyejitenga na walinzi wake akawa wa kutozwa faini.