Bibi Alizaliwa Mwaka wa Nzige

Sisi vijana wa mjini tunazijua bethidei zetu kwa tarehe. Mama anakumbuka wodi na saa ya kujifungua, na cheti kipo kabatini. Lakini muulize bibi yako alizaliwa lini, atakujibu kwa tukio: ilikuwa njaa fulani, au mtemi fulani alikuwa bado hai. Wengi hucheka na kusema, "Bibi hajui umri wake." Mimi nasema anaujua sana. Sisi ndio hatujui kusoma kalenda yake.

Chukua bibi yangu, Mgogo wa upande wa Kongwa, mkoani Dodoma. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1 Julai 1938. Siku hiyo ndiyo tuliyomfanyia sherehe, wanawe, wajukuu na vitukuu, kwa pilau, soda na keki kubwa. Mambo yalikuwa bomba mpaka ilipofika kupanga mishumaa. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Bibi alitutazama, akaniambia mimi, "Mume wangu, mnanipunja. Mimi ni wa nzige."

Hebu tuifungue kalenda hiyo.

Ukurasa wa kwanza ni wa mama yake, aliyekuwa kigoli wakati wa Mtunya. Hilo ndilo jina ambalo Wagogo waliipa njaa ya 1917 hadi 1920. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na kisha Waingereza walipita Ugogo wakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua iliposhindwa, ghala hazikuwa na kitu. Watu walikufa kwa maelfu. Wewe unayepanda daladala kwenda Kariakoo kila siku, ujue jina hilo linatokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita hiyohiyo.

Ukurasa wa pili ndio wa nzige. Nzige wekundu, ambao bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalia yao, walisambaa Afrika Mashariki na Kusini kuanzia mwaka 1930, na baa hilo halikwisha mpaka 1944. Bibi aliambiwa na mama yake kwamba mtama ulibaki mabua matupu naye yuko mgongoni. Miaka 14 ni mingi, kwa hiyo hata 1938 ingeweza kuingia humo.

Ukurasa wa tatu ndio unaokata mzizi wa fitina. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa jumla. Udongo ukakauka kama saruji, mvua ikagoma, na mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Shangazi yetu mkubwa alizaliwa wakati matrekta yanaendelea kung'oa miti. Sasa piga hesabu. Kama bibi ni wa 1938, alizaa akiwa na miaka kati ya 9 na 12! Mwenyewe anasema alikuwa mwali aliyekwisha kuchezwa, ameolewa misimu miwili. Basi yeye ni wa nzige wa mwanzo, 1930 au 1931 hivi. Kitambulisho kimemwibia miaka kama saba.

Kwa nini hakuandikwa? Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, lakini Waafrika wengi wa vijijini hawakulazimishwa kuifuata. Mkoloni alihesabu kilichomwingizia fedha. Mjerumani alileta kodi ya nyumba mwaka 1898, Mwingereza akaiendeleza na kutoza kodi ya kichwa kwa wanaume. Kijana wa kiume alikaguliwa kama amefikia umri wa kulipa. Msichana hakuulizwa. Akiolewa, aliingia daftarini kama nyumba ya mumewe, basi.

Miaka mingi baadaye alipofika dirishani kuandikishwa, karani alihitaji tarehe ya kujaza. Akakisia mwaka kwa kumtazama usoni, akaukata katikati: 1 Julai. Wazee wengi wana tarehe ya namna hiyo, kama vile nchi nzima ilizaliwa siku moja.

Mishumaa tulikubaliana kuweka mmoja tu, na yeye akauzima kwa mara ya tatu, watoto wakipiga vigelegele.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenzangu unayetaka kuandika, bethidei ya bibi yako peleka zawadi, lakini peleka na daftari. Usimuulize mwaka. Muulize alikuwa wapi bendera ya Uhuru ilipopandishwa 1961, na nani alikuwa tumboni. Kama ni wa Dodoma, muulize walibeba nini walipohamishwa katika Operesheni ya 1971, na waliacha makaburi ya nani kule nyuma. Andika anavyosema, kwa maneno yake, kisha lete hapa tusome.