Mkopo wa Serikali na Safari ya Kusomea Udaktari Ng'ambo ya Ziwa

Kijana wa Nyanza Kusini aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1965 akitaka shahada ya udaktari alikuwa na mlango mmoja tu katika Afrika Mashariki nzima, nao ulikuwa Kampala. Shule ya udaktari ya Makerere, iliyoanza 1924 ubavuni mwa Hospitali ya Mulago, ndiyo iliyowafundisha madaktari wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliyetaka shahada ya sheria alifunga safari ya Dar es Salaam, kwa kuwa kitivo cha sheria kilifunguliwa huko Oktoba 1961, tena katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20. Mwenye nia ya uhandisi au udaktari wa mifugo ndiye aliyesomea Nairobi.

Migori na Homa Bay wakati huo zilikuwa chini ya wilaya moja, Nyanza Kusini. Kwa watu wa huku, kwenda kusoma nje hakukuwa jambo la kushangaza. Kutoka mjini Migori hadi mpakani Isebania ni mwendo wa kilomita kama 20, na ukivuka tu uko Sirari, Tanzania. Upande wa ziwa, Homa Bay na Kendu Bay zilikuwa na gati zao, na ukishafika Kisumu unapata meli ya Port Bell au Mwanza. Mpaka ulikuwa karibu, na wenyeji walikuwa wakiuvuka siku zote kwa biashara na kwa undugu. Kilichokuwa mbali ni karo.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoanza kukopesha. Mwaka 1952 iliunda mfuko wa mikopo ya elimu ya juu kwa Wakenya waliokuwa wakienda kusoma nje ya Afrika Mashariki: Uingereza, India, Afrika Kusini, Marekani. Tangu siku ya kwanza, basi, mkopo wa masomo nchini Kenya ulikuwa mkopo wa msafiri. Lakini haukuwa wa kila msafiri. Waliofaidika walikuwa wachache mno. Mtoto wa mvuvi wa Mfangano au wa mkulima wa pamba wa Karachuonyo angeusikia wapi mfuko huo, na nani angemdhamini?

Pengo hilo ndilo mwanasiasa Tom Mboya alilolishambulia. Mboya alizaliwa Kilima Mbogo, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge, lakini kwao ni Kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, na huko ndiko alikozikwa baada ya kuuawa Julai 1969. Yeye mwenyewe alikuwa ameonja masomo ya ng'ambo katika Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 na 1956. Hakuisubiri serikali ya mkoloni ifungue mfuko wake. Alikwenda Marekani kuomba nafasi vyuoni na nauli ya ndege. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwafikisha New York wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari ziendelee, na kufikia 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki na ya Kati walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo.

Nyanza Kusini ilikuwemo. Philip Ochieng, mzaliwa wa Awendo ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waandishi wa habari wakali kuliko wote waliopata kutokea Kenya, alikuwa katika safari ya 1959, akaingia Chuo Kikuu cha Roosevelt, Chicago. Mwaka huohuo Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, alielekea Hawaii kusomea uchumi. Hakupanda ndege ile ya kukodi. Alisaidiwa na wafadhili wengine.

Tunapenda kuisimulia hadithi ya ndege zile, na tuna haki. Ila tusisahau kwamba huko vijijini kila tiketi ilikuwa na kivuli chake. Mfadhili alilipa sehemu, chuo kikasamehe sehemu, na kilichobaki kilitafutwa nyumbani. Ng'ombe waliuzwa, michango ikapitishwa kanisani na sokoni, wajomba walioajiriwa mjini wakakatwa mishahara na aibu ya kukataa. Mkopo wa ukoo haukuandikwa popote, lakini ulilipwa, maana aliyerudi na shahada alikuta wadogo zake wamepanga foleni mlangoni wakimngoja awasomeshe.

Baada ya uhuru mfuko wa 1952 ulikufa, na serikali ikategemea misaada na ufadhili. Kwa miaka michache hilo lilitosha, kwa sababu Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoundwa 1963 kiligawa taaluma kati ya miji mitatu kwa akili sana. Nchi hizi hazikuwa na fedha za kujenga shule tatu za udaktari na vitivo vitatu vya sheria kwa mara moja, na hazikujidanganya kwamba zinazo. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, ni zao la mpango huo: mtoto wa Kitui aliyesomea sheria Dar es Salaam. Binafsi sijaona sera ya elimu katika kanda hii iliyokuwa na busara kuliko hiyo.

Haikudumu. Kila nchi ilitaka chake. Nairobi ilifungua shule yake ya udaktari 1967 na kitivo chake cha sheria 1970, na katikati ya mwaka huo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikavunjwa. Hata hivyo wanafunzi waliendelea kuvuka. Ndiyo maana serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1974, ulitaja vyuo vitatu kwa usawa: Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Mkenya aliyekuwa Kampala alikopeshwa karo na matumizi yake kama mwenzake wa Nairobi, na alitarajiwa kulipa akipata kazi. Sasa mkopo wa serikali ulimfuata hata mwanafunzi asiye na jina hadi ng'ambo ya mpaka.

Siasa iliikata kamba hiyo upesi. Uganda ilikuwa tayari mikononi mwa Idi Amin tangu Januari 1971, na Makerere ikapoteza walimu wengi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Isebania, mahali ambapo basi lilikuwa likipita bila mashaka, pakawa mwisho wa safari hadi mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Kizazi kizima cha Migori kilikua kikiiona Tanzania kwa macho na kushindwa kusoma huko.

Nyumbani mpango wa 1974 nao ulikuwa unavuja. Haukuwa na sheria ya kuwabana wadaiwa, na wengi waliamini kwamba fedha zile ni zawadi ya uhuru. Waliokopa walihitimu, wakaajiriwa, wakanyamaza. Siwaonei huruma. Kila shilingi iliyokaliwa na daktari au wakili mwenye mshahara ilimfungia mlango mtoto wa nyuma yake, na mlango huo ulifungwa kwanza huku, ambako mzazi hakuwa na pa kukopa kwingine. Miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ilipowataka wanafunzi wachangie gharama, jeraha hilo lilionekana wazi.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu anaiita HELB, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1995, na ilipewa meno: riba ya asilimia 4, faini ya Sh 5,000 kwa kila mwezi wa kukwepa, na uwezo wa kumwagiza mwajiri akate mshahara. Fomu yake ya zamani, ile ya karatasi, nadhani inastahili kuwekwa makumbusho. Mwanafunzi aliipeleka kwa chifu apige muhuri, akatafuta wadhamini wawili wenye vitambulisho, kisha akapanda matatu hadi mjini kwa wakili au hakimu ili iapiwe. Yatima wa Nyatike au Suba, katika miaka ambayo UKIMWI ulizifyeka nyumba za ufuoni, alilazimika kuambatisha vyeti vya vifo vya wazazi. Kutoka hapo aliweza kupata kati ya Sh 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Wengi wa wauguzi na walimu tunaowaona leo Rongo na Oyugis walipita kwenye karatasi hiyo.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba HELB ilibakiza kipande cha ndoto ya 1974. Mkenya anayesoma katika chuo kinachotambuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa baadaye, amekuwa na ruhusa ya kuomba mkopo. Kwa familia za mpakani hilo lina uzito. Vijana wengi wa Nyanza wanaokosa nafasi ya udaktari au ufamasia nchini, au wanaoshindwa na gharama inayopita Sh 500,000 kwa mwaka, huelekea vyuo vya Uganda, hata kile cha mji wa Ishaka magharibi mwa nchi hiyo. Mkopo wa Sh 60,000 huko hauendi mbali, na mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 umejengwa juu ya vyuo vya Kenya peke yake.

Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Tanzania ina bodi yake ya mikopo tangu 2005, Uganda tangu 2014, Kenya tangu 1995. Bodi hizo tatu zingekaa meza moja chini ya Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, zikakubaliana kumkopesha msomi kulingana na taaluma anayosomea bila kujali bendera ya chuo, na kumdai popote atakapofanya kazi, zingekuwa zinarudia kazi ambayo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziliwahi kuifanya zikiwa na fedha chache zaidi. Wabunge wa Suna, Kuria, Rangwe na Suba wana sababu ya kuwa wa kwanza kulipeleka suala hilo Bungeni, maana watoto wa kwao ndio wanaopita Isebania na Busia na masanduku yao kila muhula.